Amiba inayorudi kila mara: Flagyl inalaumiwa kwa kazi isiyo yake

Kila mwaka kuanzia tarehe 18 mpaka 24 Novemba dunia inakuwa na wiki ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kwa miaka hii ya karibuni hapa Tanzania suala hili limepata nguvu kweli, ile kampeni ya Holela-Holela Itakukosti imefika mpaka kwa watu ambao zamani hawakuwahi kusikia neno usugu. Septemba 2024 huko New York Umoja wa Mataifa nao ulipitisha azimio la kupunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2030 vifo vinavyohusishwa na bakteria sugu, ambavyo kwa hesabu za 2019 vilikuwa karibu milioni 4.95 kwa mwaka. Ni jambo zuri na naliunga mkono kwa moyo wote. Ila ujumbe ukishatoka kwenye bango ukaingia mtaani huwa unabadilika, na sasa hivi kwenye magrupu na kwenye klipu za simu utasikia watu wanasema kwa uhakika kabisa kwamba Flagyl imechoka, amiba ya siku hizi imekuwa sugu, haisikii dawa, inatakiwa dawa kali zaidi. Mtu ametibiwa amiba mara nne kwa mwaka, kila akipima inaonekana tena, basi anaamini yeye ndiye mfano hai wa usugu.

Mimi nasema hapo tumechanganya mambo. Kwa wagonjwa, usugu wa amiba dhidi ya metronidazole, yaani hiyo Flagyl, haujathibitishwa kuwa ndio sababu ya watu kutopona. Maabara wanasayansi wameweza kuizoesha amiba kidogo kidogo mpaka ikavumilia dawa, hilo lipo, lakini yule ndugu yetu wa mara nne kwa mwaka shida yake iko kwingine. Ama hakuwa na amiba inayoumiza tangu mwanzo, ama alikuwa nayo kweli ila alipewa nusu ya matibabu, ama alipona vizuri kabisa halafu akaimeza tena kwenye maji na kachumbari. Mambo haya matatu hakuna hata moja linalotatuliwa na dawa kali zaidi, na mawili ya kwanza yapo mikononi mwa mfumo wetu wa afya, wala mgonjwa hawezi kuyamaliza peke yake hata akiacha uholela kabisa.

Twende taratibu tuanze na dawa yenyewe. Metronidazole, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, ilitoka kwa kampuni ya Kifaransa ya Rhône-Poulenc mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanzoni haikuwa dawa ya tumbo, ilikuwa ya trikomonasi, kale kadudu kanakoleta uchafu na muwasho ukeni. Mwaka 1962 daktari mmoja wa meno Uingereza akaripoti kwamba mgonjwa aliyekuwa anatumia dawa hiyo kwa trikomonasi amepona na ugonjwa wa fizi pia, ndipo watu wakashtuka kwamba inaua hata bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Halafu 1966 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wakaonyesha kwamba inatibu kuhara damu kwa amiba na pia jipu la ini linaloletwa na amiba. Hili lilikuwa jambo kubwa mno na naona hatulipi uzito wake, kwa sababu kabla ya hapo dawa ya kutegemewa ilikuwa emetini, sindano inayotokana na mmea wa ipeka, iliyokuwa inaua amiba kweli lakini inagusa moyo, mgonjwa analazwa kitandani huku wanamwangalia mapigo yake. Sasa ghafla kikaja kidonge cha kumeza, bei nafuu, mtu anakaa nacho nyumbani. Kwa hiyo anayesema Flagyl ni dawa mbovu amekosea sana. Kwa kazi yake ni dawa bora, na mtu mwenye amiba iliyoingia kwenye ini leo hii maisha yake bado yanaokolewa na kidonge hikihiki.

Ishu ni kujua kazi yake ni ipi. Ukimeza metronidazole, zaidi ya asilimia 90 inanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Ndio maana inafika kwenye ini, inafika mpaka kwenye ubongo, inafika ndani ya ukuta wa utumbo ambako amiba imechimba vidonda. Ikishaingia ndani ya kidudu kinachoishi bila oksijeni, kidudu chenyewe kinaibadilisha na kuifanya kitu kinachokata DNA yake, kinakufa. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kunyonywa vizuri, kinachobaki kushuka mpaka ndani ya bomba lenyewe la utumbo mpana ni kidogo. Na amiba inaishi sehemu mbili. Iko ile inayochimba ukuta, ndiyo inayokuletea damu na kusokotwa tumbo, na iko ile iliyobaki ndani ya bomba pamoja na choo, inakula bakteria zake pale bila kelele, na baadhi inajikunja na kujivika gamba gumu ikawa sisti. Sisti ndiyo inayotoka na choo, inakaa kwenye udongo na maji yenye unyevu kwa wiki kadhaa, na ndiyo mtu mwingine anayoimeza. Flagyl kwa sisti haina nguvu ya maana. Mtafiti Haque na wenzake walipoandika mapitio yao kuhusu ugonjwa huu mwaka 2003 walisema wazi kwamba kwa wagonjwa wanaopewa dawa za familia ya Flagyl, asilimia 40 hadi 60 bado wanabaki na vimelea ndani ya utumbo. Soma tena hiyo namba. Karibu nusu, au zaidi ya nusu, wamemeza dozi vizuri, wamepona maumivu, na bado wamebaki na mbegu.

Ndio maana tangu zamani matibabu kamili ya amiba ya kweli yana dawa mbili. Ya kwanza ni metronidazole au ndugu yake tinidazole kwa ajili ya ile iliyoingia mwilini, halafu inafuata ya pili, ya kusafisha ndani ya bomba, inayofanya kazi hukohuko kwenye utumbo. Kwa mtu mzima diloxanide furoate inatumika siku 10. Paromomycin nayo ipo, ni antibayotiki ambayo ukiimeza hainyonywi karibu kabisa, inapita yote kwenye utumbo, na hiyo ndiyo faida yake. Watu wa Baringo na Turkana huko Kenya huenda jina la paromomycin wamelisikia kwa sababu sindano yake inatumika kutibu kala-azar, ugonjwa mwingine wa vimelea, ila sindano ile haisafishi utumbo, hapa tunazungumzia ya kumeza. Diloxanide ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, imekaa pembeni ya metronidazole kabisa, kundi lilelile la dawa za amiba.

Sasa nenda duka la dawa lolote pale mtaani kwako uulize Flagyl. Utapewa kabla hujamaliza sentensi. Juzi nilikuwa kwenye duka moja karibu na stendi, kijana ameingia amesema tu "dada naomba Flagyl za elfu moja", dada akamuuliza "tumbo linakata au unaharisha?", jibu likawa "vyote", basi vidonge vikahesabiwa vikaingia kwenye kibahasha cha kaki, juu yake kikaandikwa 2x3, kazi imeisha. Nilipomuuliza yule dada kuhusu diloxanide akaniomba nimtajie tena, akaandika kwenye daftari lake la oda, akasema hajawahi kuagizwa hiyo. Simlaumu hata kidogo. Hajawahi kuandikiwa na mtu, angeiweka kwenye kabati ili imuozee? Na wala hili haliko kwetu peke yetu, hata Marekani diloxanide haiuzwi madukani, wao wanaegemea paromomycin. Ni dawa ya zamani, bei rahisi, haina hakimiliki ya kumpa mtu faida kubwa, na wanaoihitaji zaidi ni watu wa nchi ambazo kampuni kubwa hazioni soko. Kwa hiyo tumebaki na dawa ya kwanza kila kona na ya pili haionekani, halafu amiba ikionekana tena kwenye choo tunasema sugu.

Lakini hata kabla ya kufika kwenye dawa ya pili kuna swali kubwa zaidi, na hapa ndipo naona watu wengi wanaumizwa bila kujua: je ile iliyoonekana kwenye darubini ilikuwa amiba yenyewe? Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alisema kwamba kile tunachokiita Entamoeba histolytica ni viumbe viwili vinavyofanana kama mapacha, mmoja anaumiza na mwingine hana shida yoyote, akampa huyo wa pili jina la Entamoeba dispar. Walimpuuza kwa zaidi ya miaka 50. Mpaka 1993 ndipo watafiti Diamond na Clark wakaweka ushahidi wa kisayansi mezani na hoja ikafungwa, ni viumbe wawili tofauti kabisa. Kwenye yale makadirio ya zamani ya watu karibu milioni 500 duniani waliokuwa na amiba tumboni, ilikuja kuonekana karibu asilimia 90 walikuwa wamebeba huyu asiye na madhara. Mwaka 1997 wataalamu wa WHO wakakutana Mexico na wakasema kitu cha wazi: maabara ikiona sisti kwa darubini ya kawaida iandike kwamba ni histolytica au dispar, haijulikani ipi, na mtu mwenye dispar asitibiwe. Hiyo ni 1997. Leo hii mtu anatoka maabara na karatasi imeandikwa E. histolytica cysts seen, hakuna "au", hakuna alama ya kuuliza, na anayeisoma anaamini amekamatwa na kidudu kinachokula utumbo.

Na hiyo ni pale ambapo kweli kilionekana kitu. Ili uone amiba hai inayotembea, ile ambayo ukiikuta imemeza chembe nyekundu za damu unakuwa na uhakika mkubwa kwamba huyu ndiye mwenyewe, choo kinatakiwa kiangaliwe kikiwa kibichi, ndani ya nusu saa hivi, maana ikipoa inakufa na kuharibika umbo. Nimekaa kwenye benchi nje ya maabara ya zahanati moja, pembeni yangu mama ana kichupa amekifunga kwenye nailoni nyeusi, ametoka nacho nyumbani alfajiri, amepanda daladala mbili, na saa nne kasoro ndio kwanza namba yake inakaribia. Hata mtaalamu wa maabara awe na macho mazuri kiasi gani, kwenye kichupa kile hawezi kukuta amiba inayotembea. Atakachokiona ni sisti kama zipo, na zile chembe nyeupe za usaha ambazo mtu akiwa na haraka na foleni ndefu anaweza kuzidhania amiba. Kipimo kinachoweza kutofautisha kipo, kuna cha antijeni kinachotafuta protini za amiba yenyewe na kuna PCR inayosoma vinasaba vyake, lakini kwa mgonjwa wa kawaida wa zahanati hivyo ni kama havipo.

Wenye kumbukumbu nzuri wataona tulishapita njia hii kwenye malaria. Kulikuwa na wakati kila homa ni malaria. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, na chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea kwenye damu. Halafu 2014 watafiti wengine wakaja na matokeo ya watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, malaria ilikuwa kwa karibu mmoja kati ya 10 tu, wengine walikuwa na virusi na mambo ya kifua. Kilichobadilisha hali kilikuwa kile kipimo cha haraka cha kidole kilichofika mpaka kijijini baada ya WHO kusema 2010 kwamba kila mtu apimwe kabla ya kutibiwa. Kuwagombeza wananchi waache kununua dawa kusingefika hapo. Tumbo halijapata kipimo chake. Kwa hiyo dokta na muuza dawa wanabaki kubahatisha, na ukibahatisha unachagua kitu unachokijua na kilichopo kwenye kabati.

Sasa nisikilize upande wa pili maana wana hoja. Watu wa kampeni ya usugu wanasema, hata kama amiba yenyewe haijawa sugu, Flagyl ni antibayotiki, kila unapoimeza bila sababu inawapitia bakteria wako wote wa tumboni. Hii ni hoja nzito na naikubali. Metronidazole ndiyo inayotumika baada ya upasuaji wa tumbo, kwa usaha wa nyonga, kwa meno yaliyooza, na kwa muda mrefu imekuwa sehemu ya mchanganyiko wa kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo, wale Helicobacter pylori, na hao bakteria hasa ndio ambao usugu wao kwa metronidazole barani Afrika uko juu sana. Yaani unapomeza Flagyl kila tumbo likiunguruma unaweza kuwa unaharibu dawa ya vidonda vyako vya tumbo vya kesho. Hoja hii ingetosha peke yake kwenye mabango, bila kumwambia mtu kwamba amiba imeshinda dawa.

Kuna wengine, hasa walio vijijini, wanasema mnatuambia tusinunue bila kupima, kipimo kiko wapi? Na hawa nao wana haki. Duka la dawa muhimu lilianzishwa Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hiyohiyo, watu wako mbali na hospitali, wakaruhusiwa kupata karibu na nyumbani baadhi ya antibayotiki kutoka kwa mtu aliyepewa mafunzo. Ukizuia metronidazole leo ikauzwa kwa cheti cha daktari peke yake bila kubadilisha kitu kingine chochote, mgonjwa atapanda bodaboda, atalipa kumuona daktari, atalipa kipimo cha choo, atapewa ile karatasi isiyo na "au", halafu ataandikiwa vidonge vilevile. Amelipa mara tatu kufika palepale. Sheria ya cheti naiunga mkono kwa mambo mengi ila kwa hili peke yake inahamisha kubahatisha kutoka dukani kwenda kwenye chumba cha daktari.

Halafu kuna hoja ya "mimi nilimeza nikapona". Kuhara kwingi kunakata kwenyewe ndani ya siku chache, uwe umemeza Flagyl, uwe umekunywa chai ya tangawizi. Kwa hiyo kupona siku ya tatu hakuthibitishi kwamba ulikuwa na amiba. Inawezekana pia ulikuwa na giardia, kidudu kingine cha tumboni, ambayo metronidazole inaitibu kweli, basi ukaondoka unaamini amiba.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi, ni hii ya dawa kali zaidi. Mtu anahama Flagyl anaenda tinidazole, anaenda secnidazole ya kumeza mara moja, akikwama anapewa vile vidonge vilivyochanganya ciprofloxacin na tinidazole pamoja. Tinidazole na secnidazole ni familia moja na metronidazole. Zinafaa, hazina karaha ndefu ya 2x3 kwa wiki nzima, na wengi wanazivumilia vizuri zaidi kuliko ile ladha ya chuma mdomoni. Lakini zinanyonywa hukohuko juu, zinaua ileile iliyoingia mwilini, na sisti zinaziacha kama Flagyl inavyoziacha. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ukitafuta kumaliza mbegu ni kutafuta kitu ambacho familia nzima haina. Na vile vidonge vya mchanganyiko wa ciprofloxacin na tinidazole, WHO imeviweka kwenye orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa, maana mtu anamezeshwa antibayotiki mbili kwa ugonjwa ambao haujulikani hata ni upi. Hapo ndipo usugu wa kweli unatengenezwa, tena wa bakteria, kwa jina la kukimbia usugu wa amiba ambao haujathibitishwa.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi na hapa nitakaa kidogo. Mtoto akiharisha damu, mzazi wa mjini moja kwa moja anasema amiba. Mwongozo wa WHO wa kutibu kuhara unasema tofauti: kuhara damu kwa mtoto kwanza fikiria shigela, ambayo ni bakteria, atibiwe hiyo kwa ciprofloxacin, na amiba ifikiriwe pale tu maabara ya kuaminika imeona amiba hai yenye chembe za damu ndani yake, au mtoto amepewa antibayotiki mbili tofauti za shigela bila nafuu. Metronidazole haiui shigela. Mtoto aliyeanzishiwa sirapu ya Flagyl kwa shigela anapoteza siku zile za mwanzo ambazo ni za hatari kuliko zote, na kwa kuwa mama ameshampa dawa anatulia akisubiri ifanye kazi, wakati kilichotakiwa dakika ileile ni ORS, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, miligramu 10 kama hajafika miezi sita, na kukimbizwa kituoni. Na wale wazazi wanaowapa watoto dawa za minyoo na amiba kila baada ya miezi kadhaa ili "wanenepe", kuna jaribio lilifanyika kuzunguka Haydom, mkoa wa Manyara, watoto 1,188, wengine wakapewa azithromycin na nitazoxanide kwa ratiba. Nitazoxanide ni dawa ya vimelea vya tumbo. Matokeo yalitoka 2021: kwenye urefu wa watoto hakukuwa na tofauti. Mtoto anayeishi kwenye mazingira yaleyale na maji yaleyale, kumsafisha tumbo kwa dawa hakukumfanya akue zaidi.

Kwa watu wazima madhara yanakuja taratibu. Ukishaitwa "mtu wa amiba" kila dalili ya tumbo inapewa jina hilo. Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo, nacho kinaleta damu kwenye choo, dawa yake ni praziquantel na Flagyl haikigusi kabisa. Kuna saratani ya utumbo mpana, mtu anatokwa na damu kidogo kidogo miezi na miezi, anapungua, na kila safari anatoka na metronidazole. Kuna watu wana tumbo linalosumbua kwa msongo wa mawazo na vyakula fulani, ambao maisha yao yote wamemeza vidonge vya kuua kidudu ambacho hawana. Nenda Nairobi utakuta stori ni hiihii, pale mgonjwa anaambiwa ana amoeba na typhoid pamoja, kila mwaka, vipimo viwili vyote vya kutilia shaka kwenye karatasi moja.

Na yule anayepona kweli halafu akaipata tena? Huyu hahitaji dawa mpya, anahitaji choo na maji. Amiba hii inategemea binadamu, inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Chicago mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, mabomba mabovu ya hoteli yalichanganya maji safi na maji taka, watu zaidi ya 1,000 wakaugua na karibu 100 wakafa, kwenye mji tajiri kabisa. Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba klorini ya kiwango cha kawaida tunayoweka kwenye maji, inayofanya kazi nzuri sana kwa kipindupindu, kwa sisti za amiba haitoshi. Zile tembe za kutibu maji endelea kuzitumia maana kipindupindu kinaua ndani ya saa chache, ila kama nyumbani kuna mtu mwenye amiba iliyothibitishwa maji yachemshwe mpaka yatokote. Na anayepika kwenye mgahawa akiwa na sisti bila dalili yoyote, yeye yuko fiti kabisa, anawalisha watu mamia kwa wiki, na Flagyl haimsafishi.

Kwa hiyo nikirudi kwa wanaopanga mambo, naona kuna vitu vinawezekana hata kabla ya kusubiri mashine za mamilioni. Cha kwanza hakina gharama yoyote, maabara zibadilishe maneno kwenye karatasi ya majibu. Ukiona sisti andika sisti za Entamoeba, aina haijatofautishwa. Ukiona amiba hai yenye chembe za damu andika hivyo. Maneno hayo tu yatambadilisha dokta anavyofikiri na yatampa mgonjwa nafasi ya kuuliza. Cha pili, vipimo vya antijeni viwekwe angalau kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na kwa kuwa sasa tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, wakati wa kupanga nini kinalipiwa na nini hakilipiwi kipimo hiki kiwe mezani, maana bima itakayolipia kipimo cha darubini na Flagyl mara nne kwa mwaka kwa mtu mmoja inapoteza hela zaidi.

Cha tatu ni dawa ya pili, na hapa niwe mwangalifu nisije nikaanzisha uholela mwingine. Sisemi diloxanide ijazwe madukani ianze kuhesabiwa kwenye vibahasha kama ilivyo kwa Flagyl, kwa sababu tukiwapa wote walioonekana na sisti tutakuwa tunawatibu watu wengi wenye dispar isiyo na madhara. Iwepo hospitali, kwa watu ambao amiba yao haina ubishi. Yuko mgonjwa wa jipu la ini, mara nyingi mwanaume wa makamo, amekuja na homa na maumivu ya ubavu wa kulia, wala haharishi, amepigwa ultrasaundi, pengine amenyonywa usaha wa rangi ya chokoleti, amepewa metronidazole na siku ya tatu homa imeshuka. Huyu ndiye anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amepona ini na huku utumbo wake bado una vimelea vinavyoweza kumrudisha wodini na kuwafikia watoto wake kabla hajarudi. Kwenye kadi yake ya kuruhusiwa panatakiwa paandikwe diloxanide miligramu 500, mara tatu kwa siku, siku 10, na dirisha la dawa la hospitali hiyohiyo liwe nayo siku hiyo.